Nilitaka Ini Langu Lipimwe Nikiwa Mzima

Kaka yangu hakuonja pombe maisha yake yote. Lakini alipokufa tumbo limemjaa maji, watu wa kwetu karibu na Moi's Bridge walinong'ona kwamba chang'aa imemmaliza. Hospitalini walituambia ni saratani ya ini, na kwamba tumechelewa kumleta. Neno hilo, kuchelewa, sikulisahau.

Baadaye nilienda kutoa damu Eldoret, nilikokuwa nikifundisha shule ya msingi. Wakaikataa. Nilikuwa na virusi vya hepatitisi B, ambavyo huweza kuleta saratani ya ini, pengine tangu utotoni, na pengine kaka yangu alikuwa navyo pia. Daktari alinitazama macho, akanibonyeza tumbo, akasema, "Uko sawa, Mwalimu. Nenda nyumbani. Ukisikia maumivu, urudi."

Ilikuwa miaka ya kuitikia. Chama kilikuwa kimoja, na mtu wa ofisi akisema neno, ulisema ndio ukaondoka. Mimi nilibaki kwenye kiti.

"Kaka yangu alikuja na maumivu," nikamwambia. "Mkasema amechelewa. Mimi nataka nipimwe sasa, wakati siumwi."

Alikasirika, nikaona kabisa. Kisha akashusha pumzi, akanieleza kwamba kuna protini ambayo ini la mtoto hutengeneza akiwa tumboni mwa mamake. Kwa mtu mzima karibu yote hupotea, na ikianza kupanda tena, huenda saratani imeanza.

"Lakini kipimo hicho hudanganya," akaonya. "Kinaweza kupanda bure, au kikae chini na ugonjwa upo. Na damu yenyewe lazima iende Nairobi."

"Basi iende."

Mume wangu hakupendezwa. "Unatafuta ugonjwa, mama watoto. Mtu mzima anadungwa sindano ya nini?"

Nilimjibu kwamba mkono ni wangu.

Kwa miaka kadhaa nilirudi kila shule zikifungwa, na kila mara majibu yalikuwa mazuri. Walimu wenzangu walizoea kuniuliza kama ini langu limefaulu mtihani. Nilicheka nao, na likizo ikifika nilirudi.

Halafu kipimo kikapanda. Daktari alisema pengine ini limevimba kidogo tu, tungoje tuone.

"Sitangoja," nikasema. "Niandikie niende Nairobi nikapigwe picha ya ini."

Akaandika. Huko Nairobi waliona uvimbe kama ndimu ndogo ukingoni mwa ini, mahali kisu kingeweza kufika. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na kila mtu, lakini kwa habari hiyo sikuwa nimejiandaa. Nililia wodini hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akanishika mkono. Wakanipasua, wakaukata wote. Daktari wa upasuaji aliniambia wengi huletwa kwake wakati hakuna tena cha kukata.

Nilirudi nyumbani nimekonda, natembea nimeinama. Nilipopata nguvu nilimwambia mume wangu kwamba sasa ni yeye na watoto, waende wote wapimwe virusi, maana huambukizana nyumbani.

"Mimi sina shida yoyote," akasema.

"Hata mimi sikuwa na shida." Nikapandisha blauzi, nikamwonyesha kovu lote, toka mbavu hadi mbavu.

Asubuhi mume wangu alitangulia mlangoni kwenda kupimwa, amenuna, koti begani, watoto wakimfuata nyuma.