Chumba cha Mtoto wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliniambia ana mimba huku akinionyesha ukuta. Tulikuwa Kizwite, mtaa wa mjini, katika nyumba ya serikali aliyopewa mumewe, bwana shamba aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na watu wawili tu. Alifungua mlango wa chumba kidogo kilichotazama mashariki, kilichojaa majembe na magunia ya mbegu, akapitisha kiganja kwenye plasta.

"Dada, mwanangu atalala humu. Nataka unisaidie kukipanga."

"Mwana gani?"

Akacheka, akashika tumbo.

Nilimkumbatia, nikasema yote yanayosemwa. Kisha nikageuka, nikajifanya nakohoa vumbi la magunia. Mimi ndiye mkubwa. Niliolewa kabla yake, kijijini Mollo, na mkulima mpole asiye na makuu, na miaka ilikuwa imepita mpaka mama mkwe wangu akaacha kuniuliza. Kuacha kwake kuliniuma kuliko yale maswali.

Kwetu hakukuwa na kitu kinachoitwa chumba cha mtoto. Mtoto alikaa mgongoni mwa mama yake mchana, usiku akalala ubavuni mwake. Lakini mdogo wangu alikuwa karani wa kupiga taipu, na mtaalamu mmoja wa kigeni alipoondoka ofisini kwao aliacha majarida. Humo alikata ukurasa mmoja akaubandika ndani ya kabati. Picha ilionyesha chumba chenye kitanda kidogo cha mbao, pazia jepesi, kiti cha kunyonyeshea karibu na dirisha, basi.

"Angalia palivyotulia," alisema. "Sitaki makorokoro. Nataka mtu akiingia ashushe sauti mwenyewe, bila kuambiwa."

Alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa na cherehani, na kwa sababu, kama alivyosema, nina jicho la kupanga vitu. Ningeweza kukataa. Badala yake nikaanza kukiwaza kile chumba nikipalilia mahindi, nikichota maji, hata kanisani.

Rangi haikuwepo. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na duka la ushirika lilikuwa na chokaa tu. Nikakumbuka udongo wa manjano ambao mama alikuwa akisiribia nyumba yetu ya zamani, kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nikaenda na mama kwenye mahame yale. Kuta zilikuwa zimelala chini na majani yameota palipokuwa jiko lake. Mama akapita katikati yake, akanionyesha shimo kando ya kijito.

"Chimba huku ndani, juu kuna mizizi," aliniambia kwa Kifipa. "Uchague ulio laini. Huo ni wa mjukuu wangu wa kwanza."

Mjukuu wa kwanza. Alisema bila ubaya wowote, akitabasamu. Nikachimba kwa nguvu mpaka mpini wa jembe ukalegea.

Tulichuja ule udongo, tukauchanganya na chokaa, nikapaka kuta mwenyewe, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulipokauka, chumba kikawa na rangi ya siagi. Jua la asubuhi lilipoingia, kuta zilionekana kama zina joto. Shemeji yangu alikuja mlangoni na viatu mkononi, akanong'ona, "Shemeji, umeweza." Mdogo wangu akanitazama kwa ushindi. Mumewe alikuwa ameshusha sauti mwenyewe!

Seremala alitengeneza kitanda cha mninga, nami nikamrudisha mara mbili akapige msasa pembe. Pazia nilishona kwa kitambaa cha marekani, nikalifua mpaka likalainika. Sakafuni nikataka mkeka mmoja tu. Kila nilipomaliza kitu, nilikaa kwenye kile kiti cha dirishani, mikono mapajani, nikitazama kitanda kitupu. Hapo ndipo wivu ulinipata vizuri. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu chumba hicho, mpaka mahali jua lingefika saa nne, na hakikuwa changu.

Siku moja mdogo wangu alikuja kwangu Mollo. Akitafuta uzi kwenye sanduku langu, akatoa kitambaa laini cha pamba, cheupe, chenye vifaranga vidogo vya manjano. Nilikinunua mwaka nilioolewa. Hakikuwa kimekatwa.

"Dada! Hiki kinaendana na ukuta kabisa. Nipe nishonee shuka."

"Rudisha."

"Kimekaa bure humu."

"Nimesema rudisha."

Mama, aliyekuwa amekuja kunitembelea na akipepeta ulezi mlangoni, akasimamisha ungo. "Mpe mwenzako. Mtoto anakuja."

"Wa kwake anakuja," nikasema. "Cha kwangu kitakaa."

Mdogo wangu alikikunja polepole, akakirudisha palepale, akaondoka bila kunywa togwa aliyomiminiwa. Wiki iliyofuata shemeji yangu alisafiri kikazi hadi Kasanga, kando ya ziwa, akarudi na kitambaa kizuri zaidi kilichovuka ziwa kutoka Zambia. Nilikishona. Mishono yake ilinyooka kuliko yote niliyowahi kushona.

Mtoto wa kiume alizaliwa kipupwe kilipoanza, wakati upepo wa Ufipa unapopita chini ya milango. Haikuchukua muda, titi la mdogo wangu likavimba, homa ikapanda, akaanza kuweweseka. Walimrudisha hospitali akalazwa. Mtoto hakuruhusiwa kukaa wodini na wagonjwa, na mama alikuwa na miguu mibovu. Nikabaki naye mimi.

Nilihamia kwenye chumba cha siagi. Shemeji alileta maziwa ya ng'ombe, nikayachemsha na kuyapunguza kwa maji kama muuguzi alivyoelekeza. Kile kitanda cha mninga mtoto alikikataa tangu siku ya kwanza. Kilikuwa kizuri, na kilikuwa cha baridi. Nilimfunga kifuani kwa kitenge, nikakaa dirishani, naye akalala shavu likiwa kwenye mfupa wa kifua changu. Nilipozungumza, alinyamaza kusikiliza. Nikaanza kusahau kwamba kuna mtu anayesubiriwa arudi. Shemeji alipotuambia mgonjwa anaendelea vizuri, nilijibu "Mungu ashukuriwe," na nikamshika mtoto vizuri zaidi.

Mdogo wangu alirudi mchana, amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Akasimama mlangoni. Mtoto alikuwa amelala juu yangu.

"Mlete," alisema.

"Ndiyo kwanza amelala."

"Dada. Mlete."

Nilimpa. Mtoto akaamka, akalia, akajipinda. Niliposema, "Mshike kichwa," akageuka kutafuta sauti yangu. Mdogo wangu aliona. Uso wake ukawa ule niliokuwa nikiuficha mimi miezi yote ile, nikautambua mara moja.

"Asante kwa kazi," alisema bila kunitazama. "Mumeo anakusubiri Mollo. Rudi kesho."

"Bado huna nguvu."

"Nitazipata."

Niliondoka asubuhi. Njiani maziwa hayakuwa na sababu ya kunitoka, lakini kifua kiliuma kama cha mzazi.

Mavuno ya ulezi yalipita. Siku mdogo wangu alipokuja kutusalimia Mollo, mtoto alikuwa anakaa mwenyewe. Nilinyoosha mikono. Akaniangalia kama mtu baki, akaangua kilio, akajificha shingoni kwa mama yake. "Ameanza kuogopa wageni," mdogo wangu akasema, na furaha ikaonekana usoni mwake ingawa aliibana midomo. Nilienda nje kutafuta kuni, na kuni zilikuwepo ndani.

Baadaye yeye na mumewe wakahamishiwa Matai. Tulitumiana salamu kwa madereva wa malori, salamu fupi za watu wenye adabu. Mimi sikupata mtoto. Kisha dereva mmoja akaja na ujumbe: mdogo wako ana mimba tena, anasema uje.

Mume wangu ndiye aliyenifungia mizigo. Matai walikuwa na vyumba viwili tu, na hakuna kilichotayarishwa. Mdogo wangu alikuwa uani akichambua maharage, tumbo limefika magotini. Aliinuka kwa shida.

"Huyu utamlea wewe mchana," alisema. "Mimi narudi kazini mapema, hawatanisubiri."

"Atanizoea mimi."

"Najua."

"Na wewe hutaona wivu?"

Akaweka mkono kiunoni, akafikiri kweli.

"Nitaona," alisema. "Tutagombana. Lakini kaa."

Nikavua viatu, nikauliza maji yako wapi.