Majani ya Geti la Bi Hawa

Aibu hii nimeificha mpaka nimechoka, maana mtaa mzima wanaijua na kila mmoja anaisimulia kwa uongo wake, basi bora niiseme mwenyewe niliyekuwepo.

Washenga wa mjukuu wangu Tausi walikuwa waje Jumapili kutoka Kaliua, sasa Ijumaa alasiri simu inalia, "Bibi, shikamoo, tumeshateremka stesheni." Stesheni! Ijumaa! Ndani nina sato watatu tu, wanono, wala sina mboga nyingine. Tausi akatoa foili, ile karatasi inayong'aa kama bati, eti, "Bibi, tuwafunge humu, tuchome haraka." Nikamwambia samaki wangu hafungwi kama dawa ya duka, mimi namchoma kwenye jani la mgomba, na wakwe zako watakula wajue umelelewa na nani. (Kiburi hicho. Nakikubali.)

Sasa Tabora hii na ukame wake, migomba iko wapi? Nikachungulia ng'ambo ya njia, nikaona geti la Bi Hawa limepambwa kwa harusi ya mwanawe kesho yake, mgomba huku, mgomba kule, na maputo. Bi Hawa Mzaramo, mimi Mnyamwezi, tu watani tangu babu zetu wanabeba mizigo kwenda pwani, na kwa mtani unachukua kitu mchana kweupe, hakuna wa kukushitaki. Yeye alinibebea jogoo kwenye matanga ya mume wangu, nilisema neno? Nikavuka na kisu. Nilitaka majani mawili tu, lakini ukikata upande mmoja geti linaonekana kama kinywa cha mtu aliyeng'oka meno, nikasawazisha huku, nikasawazisha kule, kutahamaki vimebaki vigogo vitupu na puto moja.

Samaki wakaiva, jamani, harufu iliwafikia wageni kabla ya sahani. Mzee mshenga ndiyo kwanza ananawa mikono, mara Bi Hawa huyo na wanawake watano nyuma yake.

"Hodi, Mnyamwezi! Mizigo ya pwani imekwisha, sasa unabeba geti langu?"

Akainua jani moja sahanini, na utepe wa harusi bado unaning'inia, akawaonyesha wageni. "Basi tumekuja kula geti letu." Wakakaa mkekani. Wakala! Wale samaki wa wakwe, kichwa, mkia, mpaka macho wakayafyonza, na mzee mshenga mikono imelowa anawatazama.

Hapo ndipo nikakosea. Nikakasirika. Nikamwita mwizi, mimi mwenye kisu kinachonuka utomvu wa mgomba!

"Bibi," mzee mshenga akasema polepole, "unamkasirikia mtani wako? Ndiyo nyumba tuliyokuja kuoa hii?"

Tausi kasimama mlangoni, macho yamejaa maji. Niliiona posa inapanda treni kurudi Kaliua.

Na aliyeniokoa ni nani? Mzaramo huyo huyo, mdomo unang'aa mafuta ya samaki wangu! "Mzee, binti huyu hana kosa, mchukueni. Huyu kikongwe ndiye wa kulipa. Kesho atasimama yeye getini, mahali pa mgomba."

Wageni wakacheka mpaka mzee akajifuta machozi, akasema posa wataitoa, ila kwanza wanalala, wauone huo mgomba.

Basi nilisimama. Tangu asubuhi mpaka bwana harusi anaingia, bibi mzima, tawi la mwembe mkono huu, tawi mkono ule, na kila anayepita, "Shikamoo, mgomba!" nami naitikia marahaba, maana ningenuna tena Tausi angezeekea kwangu.

Nimeapa, jani la mtu siligusi tena. Harusi ya Tausi ni mwezi ujao, na geti langu nimeamua kulipamba kwa foili tupu, juu mpaka chini, nione Mzaramo atachukua nini.

Jana nimeambiwa Bi Hawa ameshanunua samaki.