Mia Nane za Sylus

Sylus Mghanga alikuwa ametunza stoo ya shamba la mkonge nje ya Voi kwa miaka kumi na tisa, na kwa muda huo wote hakuna gambuti hata moja iliyopotea. Mfanyakazi akileta jozi iliyotoboka ili apewe nyingine, Sylus aliizamisha kwanza kwenye ndoo ya maji na kungoja viputo. Viputo visipotoka, mtu alirudi na gambuti zake. Hakuwa mkali. Alikuwa tu anataka kujua.

Nyumbani, mtaa wa Mwakingali, hakuwa mtu tofauti. Alizaliwa Kasigau, upande ule barabara inapokatika mvua ikinyesha, na utoto wake ulipita kwenye mahindi akipiga debe kufukuza ndovu. Kutoka huko alibaki na tabia moja. Kila bajeti aliyoiandika, iwe ya harusi, ya karo au ya Krismasi, mstari wa mwisho aliuandika "Ndovu", na mbele yake kiasi cha pesa ambacho mtu yeyote hakuruhusiwa kukigusa. Mkewe, Elsie, alimuuliza maana yake mwaka wa kwanza wa ndoa. Sylus akamwambia, "Anakuja. Sijui lini, sijui akitaka nini." Elsie aliuzoea mstari huo kama watu wanavyozoea mkoromo wa mtu.

Bustani ya Mawimbi, mahali pa michezo ya maji nje kidogo ya Mombasa, iliingia nyumba hiyo kupitia simu. Binti yao Shanice, mwenye miaka kumi na minne, aliona video ya watu wakiteleza ndani ya bomba la rangi ya machungwa na kutumbukia kwenye bwawa. Akamwonyesha kaka yake Vincent, wa miaka tisa. Sylus akaahidi kuwapeleka mwaka ujao. Mwaka huo ulifika, akaahidi tena.

"Baba, hii mwaka ujao yako iko wapi kwa kalenda?" Shanice akauliza siku moja wakila.

Elsie, ambaye alishona sare za shule kwenye kibanda karibu na soko na ambaye zamu yake ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika, aliweka kijiko chini. "Desemba hii," akasema. "Chama kitalipa treni na kiingilio. Wewe panga matumizi."

Alikuwa amempatia samaki bahari. Kesho yake Sylus alinunua daftari la kurasa thelathini na mbili, kwa pesa yake, maana karatasi za stoo ni za shamba. Akaandika kila kitu. Kulala hakukuwa na gharama, kwa sababu wangefikia kwa Mutheu, aliyesoma na Elsie na sasa anaishi Mikindani. Lakini mtu haendi kwa watu mikono mitupu, kwa hivyo akaandika nduma, kabeji mbili na kuku. Mama yake, Margaret, angeteremka kutoka Kasigau na kwenda nao, kwa sababu alisema anaenda. Alikuwa na miaka sabini na moja na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Ukurasa wa nne ulikuwa wa pesa za kutumia ndani ya bustani, kila mtu zake. Elsie elfu moja. Shanice mia nane. Vincent mia tano. Mama mia tano. Ndovu elfu mbili.

Elsie aliusoma ukurasa huo akiwa amesimama. "Wewe uko wapi?"

"Mimi nitakuwa naangalia."

"Utaangalia nini?"

"Vile inatumika."

"Andika jina lako, Sylus."

Akaandika jina lake, akaweka mia nane mbele yake, na akamshusha Ndovu hadi elfu moja mia mbili. Mkono wake ulikuwa mzito kama wa mtu anayesaini makosa.

"Na jambo moja," Elsie akasema. "Hizi pesa zikishatoka, ni za mwenyewe. Hakuna kuulizwa risiti. Hakuna kukopeshana. Mtu ajifunze."

Siku mbili kabla ya safari Sylus aliwakalisha mezani na kuwapa bahasha. Kila mtu alitia sahihi kwenye daftari. Mama yake, ambaye aliandika vizuri kabisa na alikuwa katibu wa akina mama kanisani kwa miaka minane, aliomba wino akatia dole gumba.

"Mama, si unajua kuandika?"

"Natia sahihi kwa wageni," akasema. "Kwa mtoto wangu dole inatosha."

Waliingia treni ya mchana Voi, wakalala Mikindani, na asubuhi wakawa wa kwanza kwenye lango la bustani. Bajeti ya ukurasa wa nne ilidumu hadi dirisha la tiketi.

"Ndani hatupokei pesa taslimu, mzazi," msichana wa dirishani alisema. "Mnaweka pesa kwa bangili, kila mtu na yake." Akaonyesha bangili ya plastiki ya buluu. "Ukinunua kitu unagusisha kwa mashine."

"Na zikibaki?"

"Hazirudishwi. Zinaisha tukifunga, saa kumi na mbili."

Sylus alifikiria. "Kwa hivyo nikibakisha mia mbili, ni zenu."

"Ndiyo, mzazi."

"Na nikizidisha mia mbili?"

"Huwezi kuzidisha. Mashine itakataa."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Huo ulikuwa utunzaji wa stoo wa kiwango ambacho hakuwahi kukifikia, na hakuweza kuficha heshima yake. Wote wakaweka pesa zao. Margaret peke yake aliweka mia moja, na mia nne akazifunga kwenye pindo la leso. "Hizo zingine wazitafute huku," akasema.

Vincent alimaliza zake kwa dakika ishirini. Kulikuwa na vigari vya umeme vya kugongana, mia moja na hamsini kwa zamu moja, na alipanda zamu tatu mfululizo bila kushuka. Kisha akaja kusimama kando ya baba yake, amenyoosha mkono wenye bangili kama mtu aliyeumia.

"Imebaki hamsini."

"Haya."

"Hakuna kitu cha hamsini, Baba. Nimeuliza kila mahali. Hata maji ni themanini."

Sylus alihisi mkono wake mwenyewe ukitaka kujitokeza. Akamtazama Elsie. Elsie alikuwa amekodi kiti cha kulala chini ya mwavuli kwa mia sita, amefumba macho, na bila kuyafumbua akasema, "Mabwawa madogo ni ya bure, Vincent. Yako ndani ya kiingilio." Vincent akaenda bwawani. Baada ya robo saa alikuwa amesahau kwamba ni maskini.

Sylus hakusahau. Alitembea bustani yote, suruali ameikunja hadi magotini, akisoma bei. Chipsi mia tatu. Akalinganisha na bei ya viazi soko la Voi, akasimama hapo kwa muda. Kofia mia sita. Picha ndani ya fremu mia tano. Kila alipofika mahali aliona sababu nzuri ya kutonunua, na sababu zote zilikuwa za kweli. Saa nane mia nane zake zilikuwa bado nzima, na saa tisa zilikuwa bado nzima, na kwa mara ya kwanza maishani jambo hilo halikumfurahisha.

Saa kumi kasoro Shanice alikuja akitembea peku kwenye sakafu ya moto, akirukaruka.

"Baba, slipa zangu zimeenda."

"Zimeenda wapi?"

"Niliziacha pale kwa rafu, na sasa haziko. Na nimebaki na mia moja na nusu, na slipa za hapa ni mia tatu na nusu." Alingoja, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nafikiri hii ni ya Ndovu."

Hakuna aliyewahi kumwelewa Sylus namna hiyo. Alitoa soksi mfukoni, na ndani ya soksi akatoa pesa za Ndovu, akaenda dirishani. Msichana akamwambia kiasi cha chini cha kuongeza kwenye bangili ni mia tano. Sylus alivuta pumzi. Akaongeza mia tano kwenye bangili yake, akalipa slipa, mashine ikalia na kuonyesha baki yake: mia tisa na hamsini. Tangu asubuhi alikuwa amejaribu kutotumia, na sasa alikuwa na nyingi kuliko alizoanza nazo. Zilikuwa zimebaki saa mbili zichukuliwe zote.

Alikwenda kwa Elsie na kumweleza hali.

"Panda bomba," Elsie akasema.

Bomba la machungwa lilikuwa juu ya mnara, ngazi themanini na nne. Boya moja la watu wawili lilikuwa mia nne. Vincent alisimama kwenye ubao wa kupimia urefu na mstari mwekundu ukampita kichwa kwa vidole vitatu. Shanice alisema amelipanda tayari, yeye na msichana mwingine waliochangia boya, na akilipanda tena atatapika chipsi. Elsie alifumba macho.

"Sina mtu wa kwenda naye," Sylus akasema, kwa nafuu kubwa.

"Mimi ni nini?" akasema mama yake.

Margaret alikuwa ameketi ukingoni mwa bwawa la watoto tangu asubuhi, miguu majini, akiwatazama watu wakitoka kwenye mdomo wa lile bomba. Sasa alisimama, akachukua fulana na suruali ya kubana ya Elsie kwenye mfuko, akaenda kubadilisha. Aliporudi alikuwa ameifunga leso kichwani kwa nguvu, na mia nne zake ndani yake.

Walipanda ngazi. Kila ngazi ya ishirini Margaret alipumzika na kutazama upande wa bara, kana kwamba angeweza kuuona mlima wao wa Kasigau. Kule juu kijana wa zamu, jina lake Katuku kulingana na kibandiko kifuani, aliwatazama wote wawili, kisha akamgeukia Margaret.

"Shosho, una presha?"

"Presha ya nani?"

"Yako."

"Yangu iko nyumbani," Margaret akasema. "Nikae mbele au nyuma?"

Katuku alimtazama Sylus. Sylus alieleza kwa ukweli kwamba mama yake alipimwa kliniki wiki iliyopita na muuguzi akasema hana presha, na kwamba bado analima ekari moja na nusu kwa mkono. Katuku akamweka mbele.

Sylus alikaa nyuma ya mama yake, miguu yake huku na huku, mikono amemzungushia kama alivyoambiwa. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alikuwa karibu naye hivyo. Mama alikuwa mdogo wa mwili kuliko alivyodhani. Mifupa ya mabega ilimgusa kifuani, na nywele zake zilinuka moshi wa kuni, hata hapa. Alitaka kumuuliza kama anaogopa. Katuku akawasukuma.

Ndani ya bomba kulikuwa na giza, halafu mwanga, halafu giza, na mtu akapiga ukemi mrefu ambao Shanice aliusikia kutoka upande wa pili wa bustani. Margaret hakuwa amefungua mdomo. Walitumbukia bwawani, boya likapinduka, na walipoibuka yeye ndiye aliyemshika mwanawe mkono na kumwonyesha ngazi.

Alisimama pale akichuruzika maji, leso imekaa palepale.

"Mama, uko sawa?"

"Inaenda mbio," akasema. Akafikiri zaidi. "Baba yako angekataa." Akatazama tena juu ya mnara. "Umebakiwa na ngapi?"

"Mia tano na hamsini."

"Basi twende kabla hawajafunga."

Mara ya pili Sylus hakupiga ukemi. Alicheka, kicheko cha ajabu, cha juu, ambacho Elsie alipokisikia alifumbua macho na kuketi wima kwenye kiti chake cha mia sita. Alikuwa ameolewa miaka kumi na sita na hakuwahi kukisikia.

Bangili ya Sylus ilibaki na mia moja na hamsini. Aiskrimu ilikuwa mia mbili. Alimwita Vincent, na kwa kuwa saa kumi na mbili ilikuwa karibu na mkewe alikuwa anatazama kwingine makusudi, baba aligusisha bangili yake kwenye mashine, na mtoto akagusisha yake. Sufuri na sufuri. Sylus aliitazama mashine kwa furaha tulivu. Stoo ilikuwa imefungwa sawasawa.

Margaret alirudi Kasigau na mia nne zake. Jumapili ya kwanza ya Januari aliwahadithia wenzake baada ya ibada, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutia chumvi, walimwamini. Wiki mbili baadaye Sylus alipigiwa simu kazini. Akina mama kumi na mmoja wameanza kuweka hamsini kila wiki, mama yake alisema, na wanahitaji mtu mwaminifu wa kuwapangia matumizi.

Alikwenda Jumamosi. Walikuwa wameketi kwenye viti vya kanisa, mkubwa wao ana miaka sabini na sita, na maswali yao yalikuwa tayari. Mtu huvaa nini? Maji yana chumvi? Meno ya bandia yatakaa? Sylus alijibu kila moja bila haraka. Kisha mama mmoja wa nyuma, Rachel, ambaye wanawe wote wako Nairobi, akanyoosha mkono.

"Margaret anasema lazima mtu akae nyuma yako akushike," akasema. "Sisi tutashikwa na nani?"

Wote walimtazama. Sylus alipiga hesabu kichwani, mara kumi na moja, ngazi themanini na nne kila mara. Akavuta kiti karibu na kuwaambia waanze kuandika majina.