Kiwanja Kilichooshwa Mara Saba

Mwone kwanza anavyofika. Ni Ijumaa asubuhi, mwaka wa tisini na tano, pembeni mwa mji wa Mahajanga, Madagaska, pale lami inapokatika na mchanga kuanza. Mwanamke wa miaka arubaini hivi, amejitanda shiromani nyekundu, uso ameupaka liwa mpaka mashavuni. Anatembea mbele. Nyuma yake mwanamume mmoja anavuta pusipusi, kile kigari cha magurudumu mawili cha kubebea watu, ila leo hakina mtu. Kina madumu manane ya maji.

Wakafika kwenye uwanja mkubwa usio na kitu. Mvutaji akaitua mikono ya kigari na kutazama huku na huku.

"Mama, hapa hapana mti wala mchicha. Unamwagilia nini?"

"Simwagilii. Naosha."

"Unaosha nini?"

"Ardhi. Teremsha madumu, usinichoshe."

Yule bwana akateremsha, huku akijisemea kwa sauti ya kusikika: "Mji huu nimebeba kabati na mwenye kabati amekaa juu yake. Nimebeba mbuzi mgonjwa na mganga wake. Lakini maji ya kuogesha mchanga, hii ni mara yangu ya kwanza."

Ninyi mnaosoma, msimcheke bado. Na jueni kwamba maneno yao yalikuwa Kimalagasi kilichochanganyika na Kikomori. Mimi nayaleta kwa Kiswahili ili tusikilizane.

Mwanamke huyo ni Moinaecha. Alizaliwa kisiwani Nosy Be, mjini Andoany. Mwaka wa sabini na nane aliolewa na Tadjiddine, wakahamia Mahajanga kutafuta kazi. Kazi ilipatikana upesi, kwa sababu ya kuhuzunisha: baada ya zile fujo za mwisho wa sabini na sita, Wakomori wengi walipouawa mjini humo, waliosalia kwa maelfu walikuwa wamepakiwa kwenye ndege na meli, wakarudishwa visiwani Komoro. Nyumba zilibaki wazi, na viwanda vilibaki bila mikono. Kiwanda cha ngozi kikamchukua Tadjiddine siku ileile aliyobisha hodi.

Kazi yake ilikuwa kuchovya. Ngozi za ng'ombe zilizokaushwa zilitumbukizwa kwenye tangi la maji yenye aseniki, ili wadudu wasizitafune kabla hazijavuka bahari. Wafanyakazi wenyewe waliyaita dawa tu. Nyuma ya tangi palikuwa na chumba kingine, ambamo ngozi za nguruwe kutoka nyanda za juu zilitiwa chumvi na kurundikwa.

Kuhusu tangi, Moinaecha hakuuliza neno. Dawa ni dawa. Kilichomnyima raha ni nguruwe. Kwa hiyo aliweka sheria nyumbani: mume akirudi, viatu na suruali vinabaki uani, na yeye mwenyewe anamwagiwa maji miguuni mara saba, moja kati ya hizo ikiwa na udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Ndipo salamu.

"Hata maiti haoshwi hivi," Tadjiddine alikuwa akisema, mguu mmoja juu.

"Maiti hatoki kwa nguruwe. Geuka."

Miaka minane aligeuka. Kiwanda kikafungwa mwaka wa themanini na sita, na baada ya miaka mitatu Tadjiddine akafariki, tumbo limevimba, daktari akaandika kwamba ni ini. Akamwachia Moinaecha binti mmoja, Faouzia.

Sasa njooni kwenye shida yenyewe. Kwa desturi ya Wakomori mwanamume ndiye anayehamia. Bwana harusi huingia katika nyumba ya mkewe, nyumba iliyojengwa na wazazi wa mwanamke. Binti asiye na nyumba hukaa anangoja, na mchumba naye hungoja, mpaka mmoja wao achoke. Faouzia alikuwa amechumbiwa na Youssoufa, kijana fundi wa injini kwenye kivuko cha Katsepy. Kijana mtulivu, mikono ina grisi hata siku ya Idi. Kilichokosekana ni nyumba tu, na Moinaecha alikuwa akiishi chumba cha kupanga.

Basi mji ulipoamua kukigawa kiwanja cha kiwanda ili watu wajenge, na wa kwanza kupewa wakawa waliokuwa wafanyakazi na wajane wao, Moinaecha aliona mlango umefunguliwa. Akaenda kuonyeshwa kipande chake. Alipofika akaona mabaki ya sakafu ya saruji, akayatambua. Mumewe aliwahi kumwonyesha kwa kidole kutoka barabarani. Palikuwa ndipo penyewe, chumba cha nguruwe.

Akaenda moja kwa moja kwa Fundi Elamine. Huko mwalimu wa Kurani huitwa fundi. Mzee huyu alikuwa mpole, na alisikiliza huku macho ameyafumba.

"Una hakika ngozi za nguruwe zilikuwa hapo?"

"Nina hakika kama ninavyokuona, Fundi."

"Basi ondoa kinachoonekana, mifupa, nywele, chochote. Halafu mwagia maji mara saba, yapite juu ya ardhi yote. Udongo wa kuchanganya si lazima, maana ardhi yenyewe ni udongo."

"Na nikichanganya?"

"Ukichanganya hujakosea. Lakini huhitaji mafuriko. Maji yapite tu, binti yangu. Yapite."

Moinaecha alisikia mara saba. Neno la yapite tu sijui liliishia wapi. Nyumba ile ilikuwa ya mwanawe kuzalia watoto na kuswalia, naye hakutaka tone la shaka. Akaleta udongo mwekundu kutoka Belobaka kwa gari la ng'ombe. Akamwaga maji Ijumaa saba mfululizo, madumu manane, kumi, siku nyingine kumi na mawili, mpaka mchanga ukawa tope na tope likayameza yote. Wajane wenzake wanne waliopewa vipande vya jirani walipomwona, wakasema huyu anajua kitu, nao wakaanza kumwaga.

Na maji yalitoka wapi? Hatua hamsini kutoka pale, ng'ambo ya barabara, palikuwa na kisima cha Chamsia. Chamsia ni mama yake Youssoufa, yaani mkwe mtarajiwa wa Faouzia. Mumewe, Saindou, alipofariki mwaka wa themanini na nne, Chamsia alichimbisha kisima kile kiwe sadaka yake, ili kila mwenye kiu akinywa, thawabu imfikie marehemu kaburini. Mtaa mzima ulichota hapo.

"Mkwe," Chamsia alimtania ile Ijumaa ya nne, "ukimaliza kuosha ardhi, njoo unioshee na paa."

"Paa lako halikulaliwa na nguruwe."

"Hulijui paa langu. Kila mvua ikinyesha linakoroma kama nguruwe."

Wakacheka. Walikuwa wakipatana sana wakati huo.

Baada ya Ijumaa ya saba akaja Ansoifa. Msichana wa mjini humohumo, baba yake Mkomori, amesomea kemia mji mkuu. Mji ulikuwa umemtuma apime udongo kabla ya vibali vya ujenzi kutolewa. Alikuwa na kekee ndefu ya mkono, chupa nyingi, na kofia ya majani. Akatoboa kila kipande, akachota maji ya kisima cha Chamsia pia, akaenda zake. Akarudi baada ya wiki tatu, akamkuta Moinaecha anapanga mawe ya msingi.

"Mama, naomba tukae."

Wakakaa juu ya mawe.

"Kiwanja chako juu ni kisafi kuliko vyote," alisema Ansoifa. "Nilishangaa."

"Nimekiosha mara saba."

"Kwa maji kiasi gani?"

Moinaecha akamwambia. Msichana akavua kofia.

"Kule chini, mita moja na nusu, kuna aseniki nyingi. Na kisimani imo. Siyo kidogo."

"Aseniki ni nini?"

"Ile dawa ya kuchovyea ngozi. Ni sumu. Maji hushuka nayo."

"Kwa hiyo maji yangu ndiyo yameipeleka?"

"Sijui, mama. Mvua zimenyesha hapa tangu tangi lipo, na wenzako wanne nao wamemwaga. Kisima hakikuwahi kupimwa kabla. Labda ilikuwemo tangu mwanzo. Labda mmeisukuma. Siwezi kukwambia."

"Wewe si ndiye uliyesoma?"

"Ndiyo maana nasema sijui."

Kisha Ansoifa akamuuliza Moinaecha, taratibu, kama mumewe alifanya kazi hapo, na viganja vyake vilikuwaje.

"Vigumu. Vilikuwa na vijipunje vya njano, kama sugu. Nilikuwa nikimpaka mafuta ya nazi." Akamtazama msichana. "Mbona unaandika?"

Ansoifa akafunga daftari.

Hapo ndipo akili ya Moinaecha ilipoanza kumzunguka. Miaka minane alimwosha mume kwa sababu ya nguruwe, na kumbe jirani wa nguruwe, lile tangi la dawa, ndiye aliyekuwa akimla. Akauliza swali lililobaki.

"Sasa nijenge, au nisijenge?"

"Ujenge."

"Juu ya sumu?"

"Nyumba yenyewe itakuwa kifuniko. Mwaga sakafu nene, uwanja wote, na maji ya paa uyapeleke mbali. Mvua isipopita, sumu haiteremki. Usichimbe, usipande hata muhogo. Lakini kile kisima kifungwe leo. Barua ya mji itachukua miezi, na watu wanakunywa. Mimi ni mgeni mtaani humu. Wewe watakusikiliza."

Mnaona alipowekwa? Akisema, mtaa mzima utajua kilicho chini ya nyumba ya Faouzia, na mwenye kisima ndiye mama wa bwana harusi. Akinyamaza, watu wanakunywa.

Alipita kwanza kwa Fundi Elamine. Mzee alisikiliza, safari hii macho ameyafumbua.

"Mimi nilisema ardhi itakuwa tohara," alisema mwishowe. "Na ni tohara. Sikuulizwa habari ya sumu."

"Na mimi sikujua kuuliza."

"Basi tuko wawili," akasema mzee, naye akaonekana amechoka ghafla.

Baada ya Alasiri Moinaecha akaenda kisimani. Maneno yakamtoka vipande vipande: dawa, chini, mita moja na nusu, yule msichana, labda. Chamsia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akateremsha ndoo, akaipandisha, akachota kikombe, akanywa mbele yake mpaka tone la mwisho.

"Miaka kumi na moja nakunywa haya," alisema. "Jina la Saindou limo humu. Wewe umemwaga madumu yako juu, sasa unaniambia nimzibe yeye?"

"Sijui kama ni mimi."

"Kama hujui, umekuja kuniambia nini?"

Moinaecha akarudi nyumbani.

Kesho yake kisima kilizibwa. Youssoufa ndiye aliyekiziba, kwa mbao za kivuko na misumari mirefu, hakumtazama mama yake wala mkwe wake. Alikuwa amemfuata Ansoifa ofisini na kuonyeshwa tarakimu, na yeye ni mtu wa mashine, anaziamini tarakimu. Mtaa uliambiwa tu kwamba maji yameharibika. Baadaye mji ulileta bomba la maji. Watu wakachota, wakazoea. Chamsia alichota bombani kama wengine, lakini kwa Moinaecha hakuwa na salamu tena.

Nyumba ilijengwa. Vyumba viwili na sebule, sakafu nene ya kumshangaza mwashi, uwanja wote saruji, mifereji ya bati ikipeleka mvua barabarani. Faouzia aliuliza mara moja kwa nini hapana hata mahali pa kupanda asumini. Mama akamjibu kwamba apande kwenye sufuria.

Vijana walikuwa bado wanatakana, na mwaka uliofuata, mvua zilipoisha, siku ya harusi ikapangwa. Hapa kuna jambo moja. Katika familia zile, kabla bwana harusi hajavuka kizingiti, mama wa binti humwomba radhi mama wa kijana mbele ya watu, kwa lolote lililopita kati yao. Huwa ni maneno ya desturi. Mmoja husema nisamehe, mwingine hujibu nimekusamehe, vigelegele, mlango unafunguliwa.

Basi watu wakajaa uwanjani, juu ya ile saruji. Youssoufa kwenye joho lake, mikono safi kwa mara ya kwanza. Faouzia ndani, nyuma ya mlango, anasikia kila kitu. Fundi Elamine kwenye kiti. Chamsia mbele, shiromani mpya, macho makavu.

"Chamsia," alisema Moinaecha, "kwa lililopita kati yetu, naomba radhi."

Wanawake walikwisha kuvuta pumzi za vigelegele. Chamsia akainua mkono.

"Radhi ninayo, na nimekuja nayo. Simzuii mwanangu. Lakini siwezi kusamehe kitu kisicho na jina. Sema umenikosea nini, nami nitakusamehe hapahapa, na wao waingie."

Moinaecha akamtazama Fundi, Fundi akatazama chini. Akimwambia nimekiharibu kisima cha mumeo, huenda anajisingizia mbele ya Mungu jambo asilolijua, na kila aliye pale atajua binti yake anakwenda kulala juu ya nini. Akimwambia sikukosa kitu, huenda anasema uongo mkubwa zaidi, na mlango unabaki umefungwa. Akisema sijui, hilo alikwisha kulisema pale kisimani, na halikupokelewa.

Ndani, Faouzia aligusa komeo, likalia kidogo.

Nimewahi kulisimulia jambo hili kwa watu wengi, na kila mmoja hunipa jibu lake, kisha hulibadilisha kabla sijamaliza chai. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kama ungekuwa umesimama karibu naye na yeye akakunong'oneza, ungemwambia ataje kosa gani?