Kamongo, Torati na Sufuria za Kanisa

Nisikilize kwa utulivu, rafiki, maana nataka kukueleza jinsi somo zuri lilivyomfukuza mtu jikoni. Somo lenyewe lilikuwa langu.

Nilikuwa nimestaafu ualimu, nikakodisha chumba kimoja cha nyumba yangu hapa Kisumu kwa mama Myahudi, daktari wa macho, aliyekuja kufundisha wauguzi kwa miezi sita. Alikuwa amefanya kazi Tanzania miaka mingi, na Kiswahili chake kilituaibisha sote. Siku ya kwanza alinionyesha sufuria yake, kikaango chake na kisu chake, akaniomba kwa upole visichanganywe na vyangu. Nikavitengea rafu.

Nimefundisha dini zaidi ya nusu ya maisha yangu, lakini Wayahudi kwangu walikuwa watu wa kwenye kurasa. Sasa mmoja wao alikuwa anaanika nguo kwenye kamba yangu. Ijumaa, kabla jua halijazama, aliwasha mishumaa miwili, akafunika macho kwa viganja, akasali. Baada ya hapo hakugusa kazi wala simu mpaka Jumamosi nyota zilipotokea. Nyama na maziwa havikukutana mezani pake. Samaki alimnunua akiwa na ngozi yake, ili ajionee magamba kwa macho yake, kwa kuwa Torati inawaruhusu kula samaki wenye mapezi na magamba tu. Ngege alimla kwa furaha, na mbuta pia. Mumi na kamongo, samaki wa utelezi wanaoonekana hawana magamba, aliwapita sokoni kama mtu anayepita mawe.

Nilifurahi kama mtoto. Jumapili alasiri huwa nina darasa la Biblia katika kanisa letu karibu na ufuo wa Dunga, nje, chini ya mabati yanayofunika jiko. Nikaanza kuwasimulia niliyoyaona.

"Bwana wetu alikulia katika desturi hizi," niliwaambia. "Aliishika Sabato. Na jikoni kwao hamkupikwa samaki asiye na magamba."

Nikachora samaki ubaoni, nikaweka mapezi, nikaweka magamba. Watu wakacheka mchoro wangu, kisha wakaandika. Nilikusudia kumalizia na mitume na yale waliyoamua juu yetu sisi tusio Wayahudi, lakini mvua ilipiga mabati, hatukusikizana tena, nikawaruhusu waende. Wakaenda na nusu ya somo.

Jumanne yake mama mmoja wa kanisa alibisha geti langu. Huyu ananunua kamongo Dunga, anamkausha kwa moshi nyuma ya nyumba yake, kisha anampeleka Sondu na Pap Onditi siku za soko. Pia ndiye aliyekuwa mkubwa wa jiko katika sikukuu yetu ya mavuno, miaka yote ninayoikumbuka. Alitua kikapu chini, hakuketi.

"Mwalimu, ni wewe umesema mimi ni mchafu?"

"Mimi? Hata kidogo, mama."

"Basi ni nani? Mzee wa kanisa amenionyesha daftari. Mwandiko ni wake, maneno ni yako. Amesema mikono inayoshika kamongo haitashika sufuria za kanisa mavuno haya. Jiko amempa mwingine."

Mzee huyo alikuwa mwanafunzi wangu mwenye bidii kuliko wote.

"Mume wangu tulimzikia hapo kanisani," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Sijui kuimba, sijui kusoma mbele ya watu. Mimi napika. Wakinitoa jikoni, Mwalimu, nitakaa wapi ndani ya kanisa hilo?"

Mgeni wangu alikuwa barazani na alisikia yote. Mama alipoondoka, aliniuliza darasa letu hukutana saa ngapi.

Jumapili alikuja. Mama naye alikuja, na ndani ya kikapu chake alikuwa na kamongo mbichi mrefu kama mkono wangu. Darasa lilijaa, kwa sababu habari hazihitaji kutangazwa kwetu. Nilisimama nikawaambia kwamba nilifundisha nusu, na kosa ni langu. Kabla sijaendelea, mama alimlaza kamongo mezani mbele ya mzee.

"Mzee, unasema huyu hana magamba?"

"Hana. Hata mtoto anajua."

"Mtoto anajua kula. Mimi najua kupasua." Akapangusa ute kwa kitambaa, akatumia ncha ya kisu. Kweli, ndani ya ngozi kulikuwa na magamba madogo, membamba, yamelala kama yamejificha. "Hebu sogea, Mzee. Vaa miwani."

Watu wakapiga makofi. Mzee akainama, akatazama, akajikuna kidevu. Mama alimgeukia mgeni wangu kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

"Daktari, si haya ni magamba?"

Mgeni aliangalia kwa makini. "Ni magamba, mama. Lakini kwetu gamba linalohesabika ni lile linalotoka bila kurarua ngozi. Jaribu."

Mama akajaribu. Ngozi ikararuka. Akajaribu upande wa pili, ikararuka tena. Akaweka kisu chini polepole. Niliona mabega yake yakishuka, nami nikatamani tungebaki nyumbani.

Ndipo mgeni akauliza, "Mama, kwani nani alikuambia sheria hii ni yako?"

Akamwomba mzee asome sura ile ya wanyama na samaki, kuanzia mwanzo kabisa. Mzee akasoma. Hakufika mbali. Pale penye maneno ya Mungu kumtuma Musa kwa wana wa Israeli, mgeni akamsimamisha.

"Wana wa Israeli ni sisi," alisema. "Hili ni agano letu, tunalibeba kwa upendo. Wala sisemi samaki wa huyu mama ni uchafu katika nyumba yake. Wazee wetu wanafundisha kwamba watu wa mataifa walipewa amri saba tangu siku za Nuhu: msiabudu sanamu, msiue, msiibe, na nyingine za namna hiyo. Humo hakuna magamba."

Hapo nami nikamalizia somo langu. Niliwaeleza kwamba mitume, Wayahudi halisi, walikutana Yerusalemu kuulizana kama sisi tutwikwe sheria yote ya Musa. Hawakututwika. Walituandikia mambo machache, wakatupokea. Kuhusu Yesu mimi na mgeni wangu hatukukubaliana, na hatukujifanya tumekubaliana. Juu ya kamongo tulikuwa kitu kimoja.

Mama hakungoja nimalize vizuri. "Mzee, samaki wangu ulimla lini mara ya mwisho?"

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Alhamisi."

"Alikuwa mchafu?"

"Alikuwa na chumvi kidogo." Kisha akasimama wima mbele ya watu wote. "Mama, nilikukosea. Sufuria ni zako. Na jiko ni lako."

Ungesikia vigelegele vile! Wanawake walimzunguka, mmoja akampokea kikapu, mwingine akamfunga leso kiunoni kana kwamba sikukuu ni siku hiyo hiyo.

Siku ya mavuno yenyewe nilifika mapema nikamkuta yuko motoni, anaamuru watu. Kwenye jiko la pembeni, peke yake, kulikuwa na sufuria ya mgeni wangu. Mama alikuwa amekuja kuiomba kwangu jana yake pamoja na kile kisu. Ndani yake alipika ngege, na kwenye kila kipande aliacha ukanda wa ngozi wenye magamba, ili mgeni ajionee. Kijana wa kwaya alipotaka kukoroga humo kwa mwiko wa kamongo, alipigwa kofi mkononi.

"Toa! Hiyo ni ya watu wa agano. Njoo huku kwa mataifa, kuna mchuzi wa kutosha."

Mgeni alikula akaomba tena. Mama alipita kati ya meza kichwa juu, sufuria kubwa mikononi, na mzee wa kanisa akiwa nyuma yake amebeba ugali.

Nawe ukifungua Torati, tafuta kwanza mstari unaosema amri hiyo ilitolewa kwa nani, usome kwa sauti, ndipo uende kwenye amri yenyewe.