Chai Niliyompikia Ofisa wa Mipango

Watu wa kanisa letu huniambia nisamehe. Nimesamehe wengi: mume aliyeuza mbuzi wangu bila kuniuliza, jirani aliyesogeza mpaka. Yule ofisa wa mipango, hapana. Mungu mwenyewe anajua na tumeshaongea.

Alikuja kijijini kwetu Matinyani miaka ya sabini, wakati wa kiangazi, ramani kwapani. Chifu alikuwa ametangaza kwamba serikali inakuja kupima maendeleo, na sisi wanawake wa mwethya, kile kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, tukafanya ujinga ambao sisi tu tungeweza kuufanya. Visima vyetu vilikuwa katikati ya mto mkavu, mashimo tu kwenye mchanga, kila boma na lake, na la mama yangu ndilo lililokuwa na maji matamu kuliko yote. Sasa, mgeni haonyeshwi matope. Tukayafukia mashimo yote, tukaufagia mto kama uwanja wa kanisa.

Akauliza, "Mna maji hapa?" Tukajibu kwa sauti moja, "Hatuna!" Nani angesema anayo? Serikali humpa anayelia. Akaandika kwamba mto ni mkavu na mchanga wake hauna kazi.

Roho ilinisuta. Nikamfuata mpaka kwenye Landrova. "Bwana ofisa, tumekudanganya. Maji iko chini ya mchanga. Kuja nikuonyeshe, nachimba sasa hivi."

Akawageukia wenzake, akacheka. "Mama, sisi tunapanga kisayansi. Hatupangi na kibuyu."

Wakacheka wote, na chifu naye, shenzi kabisa. Kicheko kile nilikibeba miaka miwili.

Mpango ukaja: kituo cha teknolojia ya vijijini, na jiko la jua, jembe jipya la ng'ombe, na kisima kirefu cha kuchimbwa na mashine. Jembe sikulipinga, lilikuwa zuri, na ninalo mpaka leo. Lakini kituo hujengwa kwa mchanga, na malori yakaanza kushuka mtoni kwetu kila asubuhi. Mchanga huo ndio uliotufichia maji jua lisiyanywe. Ulipokwisha, kisima cha mama kikabaki mwamba mtupu. Mama alikuwa na goti bovu. Akaanza kwenda kona ya juu, mbali, ambako malori yalikuwa hayajafika, na siku moja akarudishwa amebebwa. Hakutembea sawasawa tena. Na kona hiyo nayo ilikuwa imeshatiwa alama: baada ya ufunguzi, malori yangehamia huko kuchota mchanga wa kujengea nyumba za wafanyakazi.

Siku ya ufunguzi tukaambiwa tupike chai. Ofisa akaja jikoni mwenyewe, ndani ya suti, jasho likimtoka. Akaninong'oneza kana kwamba mimi ni dada yake: "Mama, ya wageni mpike na maji ya mto, sawa? Si ya bomba."

Kumbe alijua! Maji ya kisima chake yalikuwa ya chumvi, hata punda alinusa akaenda zake, na mtu huyu alijua. Sisi tuyanywe mpaka kufa, lakini wageni wake, la. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Sawa, bwana ofisa," nikasema.

Alipotoka, nikatuma madebe ya maji ya mto, tuliyochota kona ya juu, kwa mama nyumbani. Kisha nikafungua bomba lake nikajaza sufuria zote. Maziwa yalipoingia yakakatika, madonge yakaelea juu. Nikatia sukari nyingi, ya heshima.

Kikombe cha kwanza nilimpa mgeni mkubwa kutoka Nairobi, cha pili nikampa ofisa. Mgeni akaonja, akatema kwenye leso. "Hii ni nini?"

Nikainama kidogo, kwa adabu zangu zote. "Mzee, hiyo ni maji ya bomba ya kituo. Ile tamu iko mtoni, chini ya mchanga, na malori inabeba huo mchanga. Bwana ofisa alisema tusikupatie ya bomba, lakini tukaona ni vibaya kumficha mgeni. Tulishaficha mara moja."

Mgeni akaweka kikombe chini. Akamgeukia ofisa. "Kunywa," akamwambia. "Si ni maji yako?"

Akanywa. Nilisimama pale na birika mkononi, nikihesabu kila funda likishuka kooni mwake. Nilifurahi, sitadanganya, nilifurahi mpaka tumbo likaniuma. Jumatatu malori hayakuja, wala wiki iliyofuata, na kona ya juu ina mchanga wake mpaka leo.

Nyumbani nilimkuta mama ameegemeza mguu kwenye kigoda, anakunywa maji ya yale madebe. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Akauliza kama yule mtu alimaliza kikombe.

"Alimaliza, mama."

Akanikazia macho. "Na hukumwongeza?"