Mteremko wa Kwenda Moiben

Harufu ya mpira wa breki ukipata moto hunirudisha kwenye mteremko wa kwenda Moiben, nikiwa kwenye keria ya baiskeli ya baba, mitungi ya maziwa ikinigonga magoti. Zamani tuliushuka kwa kasi, na watoto wa boma moja walitoka mbio kushindana nasi.

Tulipopita tena mara ya kwanza baada ya vile vita vya uchaguzi, baba alishuka hapo, akaanza kusukuma.

"Baba, breki imeharibika?"

"Iko sawa."

"Na mbona tunatembea, na ni mteremko?"

"Watoto wanaweza kutokea ghafla."

Niligeuka kutazama lile boma. Mabati yaliyoungua yalilala juu ya majivu, nyasi zimeota mlangoni. Baba alisukuma polepole, mkono kwenye breki.